Meli Inayoingiza Maji: Uchambuzi wa Tatuu Moja ya Kigoma

Mteja ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee. Aliyemchora ni kijana mwenye chumba chake cha kazi Mwanga, anayejulikana mjini kwa majina, misalaba na maua. Safari hii aliombwa kazi ya aina nyingine: meli ya Liemba, ile kongwe ya Ziwa Tanganyika, ilale upande wa ndani wa mkono wa kushoto, omo (mbele ya meli) ikielekea kiganjani na tezi (nyuma yake) ikiishia karibu na kiwiko.

Siku ya kwanza ilipendeza. Picha ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, pongezi zikamiminika. Baada ya miezi miwili hivi, ngozi ikiwa imeshapona, mzee hakupenda alichokiona. Kijana hakubishana naye wala hakuzima simu. Alimleta kwangu, mchoraji mwenzake, tuiangalie kazi kwa pamoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, meli yenu hii inaingiza maji." Akaulaza mkono mezani. "Ile yenyewe ilizamishwa 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Mimi nangoja hadi lini?"

Alicheka mwenyewe, kisha akatusimulia jinsi Wajerumani walivyozipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha, ndiyo maana zilifaa tena baadaye. Ukikaa na fundi wa injini huwezi kuikwepa hadithi ya grisi. Lakini macho yake yalikuwa yanarudi mkononi kila mara, na kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Wote wawili wamekubali nikieleze kisa hiki bila majina.

Niseme kwanza kwa nini Liemba ni mtihani. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini 1915. Ina urefu wa mita 70 hivi na umbo lake ni la mistari mirefu iliyonyooka: ubavu, sitaha, reli, milingoti, bomba la moshi. Ua waridi linasamehe. Petali ikipinda kidogo inabaki petali. Ubavu wa meli ukiyumba milimita moja unaonekana, na Kigoma ni mji ambao mtoto aliyekulia karibu na bandari anajua bomba la Liemba linakaa wapi. Tena mkono wenyewe ni wa mtu anayeshinda juani, ngozi imeshalegea kidogo, na rangi yake ni nyeusi kweli kweli, ya ziwani.

Kijana alikuja na jibu lake tayari: wino ulikuwa feki na mashine imechoka. Alishaanza kuweka akiba ya mashine mpya. Nimesikia maelezo haya mara nyingi mno kiasi kwamba sasa nayachukua kama dalili. Wino feki upo sokoni, sikatai, na mashine huchoka. Ila wino na mashine vilitumika vilevile kwenye picha nzima, kwa siku moja, kwa mkono mmoja. Kama kosa lingekuwa humo, lingeenea picha nzima. Halikuenea. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanzia.

Mistari

Tuliiosha ngozi, tukaikausha, tukasogea dirishani. Mistari yote inayokwenda kwa urefu wa mkono, yaani ubavu, sitaha na reli, ilikuwa na ukungu wa bluu pembeni, wino uliovuja nje ya njia yake. Na ukungu ule ulikuwa upande mmoja tu, upande wa kidole kidogo. Upande wa kidole gumba ukingo ulikuwa safi. Kisha milingoti, ambayo inakatiza mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine, haikuwa na ukungu kabisa. Wino uleule, sindano ileile ya 5RL, yaani ya mistari, ncha tano zilizofungwa kwa duara.

Nilimuuliza kijana alikaa wapi. Akasema alikaa upande wa kidole gumba.

Kwa mchoraji hilo linatosha. Wino unatakiwa kukaa kwenye ngozi ya kati, kina cha kama milimita 1 hadi 2 kulingana na mahali. Ukizidisha, unafika kwenye mafuta yaliyo chini, na huko haukai ulipowekwa, unatambaa. Sindano ikishuka wima na kuzidi kina, ukungu hutokea pande zote mbili za mstari. Mashine ikilala ubavuni, ncha inaingia kwa mshazari na kuuweka wino mbali na mchoraji, chini ya ngozi ambayo hakuikusudia. Ukungu unatokea upande ule ncha inakoelekea. Na mlingoti unaokatiza mkono unafuata mwelekeo uleule wa kulala kwa mashine, kwa hiyo hata ikilala kiasi hicho, ncha inabaki ndani ya njia ya mstari.

Kwa hiyo kosa kubwa lilikuwa pembe, kina kikiwa kosa dogo. Karibu na kiwiko tu, pale tezi inapoishia, ukungu ulikuwa pande zote mbili. Hapo ngozi ni laini, inacheza, na haikuvutwa ipasavyo.

Lakini kumwambia mtu "usilaze mashine" ni bure kama hujui kwa nini anailaza. Nilimwomba akae kama alivyokaa siku ile, ashike mashine bila kuiwasha. Mkono wa kulia, taa ya mezani kulia kwake.

"Unaiona ncha?"

"Siioni vizuri kaka, mpaka niilaze hivi."

Ndiyo hiyo. Taa ikiwa kulia na mkono ukiwa wa kulia, kivuli cha mkono kinaangukia palepale sindano inapogusa ngozi. Akawa anailaza mashine ili aone, na kila mstari mrefu ukalipia. Tuliihamisha taa kushoto na juu kidogo, tukaiacha sindano itokeze zaidi kwenye mshikio, na mashine ikasimama bila mtu kumkumbusha. Pesa ya mashine mpya ikabaki mfukoni.

Kulikuwa na makosa mawili mengine kwenye mistari. Ubavu haukuchorwa kwa mkupuo mmoja. Ulikuwa vipande vifupi vilivyoungwa, na kila kiungo kilikuwa na nukta nene, kwa sababu aliishusha sindano mkono ukiwa umesimama, kisha ndipo akaanza kutembea. Sindano inatakiwa iguse ngozi mkono ukiwa tayari unatembea, na inyanyuke mkono ukiwa bado unatembea. Kiungo kipya kianzie nyuma kidogo ya pale cha kwanza kilipoishia. Na mstari mrefu hauchorwi kwa vidole: kifundo kinafungwa, bega na kiwiko ndivyo vinavyovuta.

La pili ni kwenye reli, ambako mstari ulikuwa unakatika katika. Huko alikimbia. Wengi hawaweki hesabu hii kichwani: sindano ikipiga mara 100 kwa sekunde na mkono ukitembea sentimita 2 kwa sekunde, kila milimita inapata mapigo 5. Mkono ukikimbia sentimita 4, yanabaki mapigo mawili na nusu, na siku ya kwanza mstari utaonekana mzima kwa sababu wino umetapakaa juu. Ngozi ikipona, mashimo yanajitokeza. Kuongeza volti peke yake hakuponyi, kwa sababu mtu akisikia mashine inalia kwa kasi huongeza na mkono.

Shedi

Hapa, kwenye vivuli vya picha, kisa kinanihusu zaidi, maana nakiona kila mahali, hata Tabora na Dar es Salaam.

Kijana alifuata picha ya mtandaoni ya meli iliyochorwa kwenye ngozi nyeupe, mawingu na moshi vikiwa vya kijivu laini. Akaandaa vikombe vitatu: wino mzito, wa kati, na mwepesi uliochanganywa na maji yaliyosafishwa mpaka ukawa kama chai ya rangi. Mkononi mwa mzee ule mwepesi haukuonekana kabisa baada ya kupona. Wa kati ulionekana kama uchafu. Moshi ukawa doa.

Si kwamba wino ulitoka. Upo, ila tunauangalia kupitia ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo yenye rangi yetu. Wino umekaa chini yake. Kijivu chepesi kinachoonekana kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi kinakaribiana na ngozi yenyewe na kupotea. Maana yake ngazi za shedi tulizonazo ni chache kuliko za kwenye picha ile: nyeusi kamili, kijivu kizito kimoja, na ngozi tupu. Na ngozi tupu ndiyo mwanga wetu. Mchoraji anayeogopa kuiacha ngozi wazi atajaza kila pengo, na akishajaza hana tena mahali pa kuweka mwanga.

Njia inayokubali zaidi kwenye ngozi kama hii ni shedi ya nukta kwa wino mweusi usiochanganywa. Sindano inaanza kwenye giza, mkono unapepea kuelekea kwenye mwanga, nukta zinaachana kadiri zinavyokwenda. Kila nukta ni nyeusi kamili, kwa hiyo inasomeka, na wepesi unatokana na nafasi kati ya nukta. Mkono uwe wa kasi, mashine iwe ya taratibu. Ni kinyume cha mistari, na kijana alikuwa anatumia mpangilio mmoja kwa vyote viwili.

Halafu kulikuwa na tezi. Sehemu ile aliijaza nyeusi kwa sindano ya mistari, akapita na kurudia palepale kwa sababu aliona bado kuna vijitundu. Imepona ikiwa imenyanyuka kidogo na inang'aa. Nilimuuliza alikuwa anaangalia dalili gani ya kuacha. Akasema wekundu, kama alivyoona kwenye video. Kwenye ngozi ya mzee wekundu hauonekani, ukiusubiri utasubiri mpaka umeshaichana. Angalia mambo mengine: ngozi inaanza kung'aa, inavimba na kuwa ngumu chini ya kidole, inaota kama vinyuzinyuzi, damu inachuruzika badala ya kutokeza nukta nukta, au unafuta na wino hauongezeki tena. Ukiona moja kati ya hayo, hamia sehemu nyingine. Vijitundu vitajazwa siku nyingine. Na kujaza nyeusi ni kazi ya magnamu, sindano pana ya kujazia, kwa miduara midogo inayopishana.

Ngozi nyeusi pia ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota keloidi, kovu linalopanuka na kuvuka mpaka wa jeraha. La mzee halijavuka, limenyanyuka ndani ya eneo lake tu. Hilo ni kovu la kawaida la ngozi iliyochoshwa, na mara nyingi hupungua lenyewe. Lakini kijana hakuwa amemuuliza kama ana kovu la namna hiyo mwilini au kwenye ukoo, wala kama anatumia dawa za sukari au presha. Kwa mtu wa umri ule maswali hayo yanatangulia hata kabla ya bei.

Sehemu moja niliondoa lawama kwa kijana. Omo, karibu na kiganja, shedi ilikuwa imebanduka kwa mabaka, na mkono wa mchoraji hapo ulikuwa mzuri. Nikamgeukia mzee.

"Ulipumzika kazi siku ngapi?"

"Kupumzika! Siku ya tatu nilikuwa kwenye injini."

"Na grisi ulikuwa unaitoaje?"

"Sabuni ya unga na kitambaa. Grisi haitoki kwa kubembelezwa."

Basi na tatuu nayo ilitoka.

Matengenezo

Mzee alitaka ifanyike siku ileile. Ukungu haufutiki kwa sindano, na leza ni gharama, tena kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka meupe. Wala hautajirudisha wenyewe. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia panya, kwamba wino unashikwa na seli za kinga ndani ya ngozi. Seli hizo zikifa, nyingine zinaudaka wino palepale. Ndiyo maana tatuu inadumu, na ndiyo maana kosa nalo linadumu. Kilichobaki ni kuufanya ukungu uwe sehemu ya picha.

Tulimpa kijana wiki kadhaa za mazoezi kwanza. Alianza na karatasi, penseli ikiwa imefungwa kwenye mashine ili mkono uzoee uzito, akichora ubavu wa meli kwa mkupuo mmoja. Kisha ngozi ya silikoni, na baadaye ngozi ya nguruwe kutoka bucha la kitimoto, ambayo ni mwalimu mkali zaidi kwa sababu inateleza na inaonyesha kina. Alizipasua kwa wembe baadaye kuangalia wino umefika wapi, zoezi ambalo huwezi kulifanya kwa mteja. Sindano, glavu na vikombe vya mazoezi havikurudi karibu na meza ya kazi, hilo sitaki hata kulijadili.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo mzee hakulisema mpaka aliposimama. Mkono ukining'inia, meli inalalia ubavu. Stensili, mchoro wa mwongozo unaobandikwa kwenye ngozi kwanza, iliwekwa mkono ukiwa mezani, kiganja juu, na mkono ukigeuka ngozi inajisokota na mistari inajisokota nayo. Mchoro wa mistari iliyonyooka unawekwa mtu akiwa amesimama, mikono imelegea, kisha unaachwa ukauke vizuri, hasa kwa joto na unyevu wa hapa ziwani ambapo jasho linaibandua stensili kabla hujafika katikati. Kwa mzee jambo hilo lilikuwa limeshapita. Tukaamua kumpa bahari chafu: mawimbi makubwa chini ya ubavu, ili kulala kwa meli kuwe na sababu. Bahati nzuri mzee anaijua Tanganyika. "Upepo wa kusi ukivuma," akasema, "hakuna chombo kinachosimama wima."

Ubavu ulirudiwa kwa 9RL, unene wote ukiongezwa upande wa ukungu, na ukingo safi haukuguswa. Chini yake kijana akaweka shedi ya nukta, nzito kwenye mstari, ikipungua kuelekea kwenye mawimbi. Ukungu wa bluu ukamezwa na kivuli cha meli, ambacho hata hivyo kilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Reli ilirudiwa taratibu. Moshi ulianzishwa upya: nyeusi mdomoni mwa bomba, nukta zikitawanyika kuelekea juu, na katikati ya moshi vipande vya ngozi vikaachwa wazi.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumtazama mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa mchoraji ndio unaovuta ngozi, na watu wanausahau. Kidole gumba na cha shahada vinavuta pande mbili, ubavu wa kiganja cha kulia unavuta wa tatu, na mstari unapita katikati. Glavu ikilowa mafuta ya mgando na jasho, inateleza, na ngozi inarudi sindano ikiwa ndani. Dawa yake ni kipande cha tishu kavu chini ya vidole vinavyovuta. Kwenye ngozi iliyolegea ya mtu mzima, kipande hicho kinafanya kazi kubwa kuliko volti yoyote.

Mara mbili kijana alitaka kurudia wimbi moja. "Bado kuna vijitundu, kaka." Nikamwambia avihesabu, avikumbuke, asonge mbele.

Mzee aliondoka na masharti: kuosha kwa sabuni laini, mafuta kidogo sana, ziwani haendi kuogelea kwa wiki tatu, na injini zitafunguliwa na vijana wake. Safari hii alitii, nadhani kwa sababu mama watoto alipewa maelekezo naye.

Nimeiona tena ikiwa imepona. Ubavu umenyooka, na asiyejua hawezi kuuona ukungu. Moshi unasomeka kama moshi hata mtu akiwa upande wa pili wa barabara. Kile kijivu cha zamani bado kinaonekana kati ya nukta ukisogeza jicho karibu, na hakuna la kufanya. Mistari ya karibu na kiwiko imebaki minene kuliko mingine. Wimbi moja lilikuwa na vijitundu vitatu, ambavyo kijana alivijaza kwa dakika chache.

Tezi hatujaigusa. Imeshuka ukiipapasa, lakini bado inang'aa. Ikilainika kabisa itasawazishwa kwa magnamu, mara moja tu, bila kurudia. Ikianza kupanuka nje ya mpaka wake au kuwasha usiku, mzee anaenda kwa daktari wa ngozi na sisi tunaweka sindano chini.